Mashine Haina Haya

Samaki wa matumbawe hawezi kuishi kwa maji ya mfereji wa Nairobi. Si maringo, ni kemia. Klorini inayotukinga sisi na kipindupindu humuunguza yeye matamvua. Maji ya visima, ambayo fleti nyingi hapa jijini huyategemea mfereji ukikauka, mara nyingi yana floraidi na madini mengine kibao. Kwa hivyo mwenye akwaria ya bahari hununua mtambo wa RO, ndugu wa ile mitambo iliyo kwa vibanda vya maji ya kunywa huku mtaani. Maji husukumwa kwa presha kupenya utando wenye vitundu vidogo ajabu. Yanayopenya ni karibu maji matupu; yaliyobaki hutoka na uchafu wote na kumwagwa. Halafu anatia chumvi maalum mpaka afike gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, kama baharini.

Hapo kwa "kumwagwa" ndipo swali langu linaanzia.

Mimi niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa tatu, karo iliponilemea. Siku hizi naandika, na uandishi ukikataa kulipa kodi nafunga sensa kwa nyumba za watu. Mwaka huu mzee mmoja wa Kilimani alinipa kazi: tangi la lita 400, alitaka maji yake yajisafishe na kujijaza yenyewe. Maji ya tangi hilo hupungua kama lita tano kwa siku kwa kugeuka mvuke. Chumvi haitoki na mvuke, kwa hivyo usipofidia maji matupu, bahari yako inazidi kuwa kali hadi inaua. Na kila wiki anabadilisha lita 40.

Piga hesabu na mimi. Mtambo wake hutoa lita moja safi na kumwaga nne. Lita 40 za wiki zinakula lita 200, yaani mitungi kumi. Ongeza mtungi mmoja na ushei kila siku kwa ajili ya mvuke. Jengo lao linapata maji ya kaunti siku mbili kwa wiki, yanapandishwa kwa tangi moja la paani, wote wanagawana.

Kazi yenyewe ni rahisi: boya kama la sistani ya choo, valvu ya umeme inayojifunga stima zikipotea, pampu ya kuongeza presha, na kikompyuta kidogo kama kiberiti. Wakati bora wa kuchota ni saa tisa usiku. Hakuna anayeoga, presha haiyumbi.

Saa tisa usiku. Hiyo ndiyo ilinikosesha raha.

Kabla yangu, aliyefungua mfereji ni dada wa kazi. Wiki za uhaba alikutana na majirani kwa ngazi wakihema na mitungi, akarudi kumwambia mzee, "Leo tuache." Hakuna aliyempa sheria hiyo. Alikuwa na macho, na alikuwa na haya, na haya ilifanya kazi ya valvu. Mashine haikutani na mtu kwa ngazi. Tukisema tumepunguza usumbufu, huyo ndiye usumbufu tuliopunguza: mtu pekee ndani ya ule mpangilio aliyejua kuna mama orofa ya nne mwenye watoto mapacha.

Najua jibu la haraka la mtandaoni: samaki wa Kilimani anakunywa maji safi kuliko mtoto wa Mukuru. Ni kweli (na samaki wa baharini hunywa kweli, wa maji baridi ndiye hahitaji). Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na samaki hatajwi hapo. Lakini jibu hilo linanichosha. Linakuachia hasira tu, halikuambii ufanye nini na samaki ambaye tayari yuko hapo.

Mzee aliniweka sawa kwa hilo. "Kijana, jirani atanunua mtungi. Hawa wataenda kununua wapi?" Sikuwa na la kusema. Hawakuomba kuletwa Nairobi. Aliyemtoa kiumbe baharini amejifanya bahari yake, na bahari haina siku ya mgao.

Sawa. Lakini deni ni la nani? Nikimleta mgeni kwa bedsita yangu Umoja, ni jukumu langu ale. Siwezi kuamka saa tisa usiku nimchotee ugali kwa sufuria ya jirani, halafu niseme sikuwa na jinsi, mgeni ana njaa. Njaa ya mgeni ni ya kweli. Sufuria bado si yangu.

Kwa hivyo niliandika kanuni ndani ya programu: tangi la paani likishuka chini ya nusu, valvu haifunguki. Siku za maji mengi mtambo ujaze akiba ya lita 120, zinazotosha kufidia mvuke siku 24. Maji ya kumwagwa yaende kwa pipa, ya kupiga deki na choo. Pipa alilipenda. Kanuni akaipinga. "Ukiitoa, nani atajua?"

Hakuna. Mashine ingechota kimya kimya miaka mitano na jengo zima lingelaumu kaunti.

Tulivutana wiki mbili. Mwishowe alikubali, mradi awe na swichi ya kupita kanuni siku ya dharura. Hilo ni haki yake, samaki ni wake. Nikaifunga, nikamlipa keateka kahawa kwa kibali. Iko juu paani, kando ya tangi. Jengo halina lifti. Yeye anaishi orofa ya pili, kwa hivyo akiitaka itabidi apande ngazi mwenyewe, mchana, akiwapisha watu na mitungi yao.

Alinipigia kuuliza kama naweza kuihamishia jikoni. Nilimwambia waya haufiki. Akasema waya anaweza kununua, nikamwambia basi atafute pia fundi. Nusu ya pili ya malipo bado hajatuma.