Kifaranga wa Bata Si Kifaranga wa Kuku

Huko Mlandizi, mkoani Pwani, aliishi mama mmoja ambaye mtaani kwao hakuna aliyemfikia kwa kuku. Kideri kilipopita na kufagia mabanda ya watu, lake lilibaki limejaa, kwa kuwa hakuwahi kuruka chanjo. Wanawake wenzake walimfuata kwa ushauri naye aliutoa bila choyo. Kwa hiyo mdogo wake alipomletea mayai 14 ya bata kutoka Bagamoyo, yamefungwa kwa kanga ndani ya kikapu, hakuona sababu ya kumwuliza mtu. Yai ni yai, na mtetea anayetaka kuatamia alikuwa naye. Akayaosha matope kwa maji ya mtungini, akampangia mtetea wake, akaandika tarehe ukutani kwa mkaa, akaendelea na shughuli zake.

Katika mayai yale 14, vifaranga walioishi hadi kuota manyoya walikuwa wawili tu. Nasimulia kisa chake kwa sababu mama huyu hakuwa mzembe hata kidogo. Mzembe hupoteza vifaranga kwa kuwasahau. Yeye aliwapoteza kwa kuwahudumia. Vifo vingi vilitokana na jambo ambalo kwa kuku lingekuwa sahihi, au lisingeleta madhara makubwa. Mazoea yana taabu, na taabu yake kubwa ni kwamba humzuia mtu kuuliza.

Makosa yalianza siku ile ile ya kwanza. Yai la kuku wa kienyeji lina gramu 40 na kitu, la bata hufika 70 na kupita. Mtetea anayefunika mayai yake 12 bila shida hawezi kufunika 14 ya bata; sita hadi manane yanamtosha. Yale ya pembeni yalikuwa yakipoa kila usiku. Tena yai kubwa vile humwia kuku zito kuligeuza kwa mdomo, na yai lisilogeuzwa kiinitete chake hunata kwenye utando na kufa. Ilipasa ayageuze mwenyewe kwa mkono, walau mara tatu kwa siku. Nako kuosha kwa maji baridi kuliondoa utando mwembamba unaolinda ganda, na yai likipoa ghafla huvuta ndani uchafu kupitia vitundu vyake. Manne yaliviza, moja likapasuka kwa harufu iliyomfukuza kila mtu uani.

Siku ya 21, ile ya kuku, ilipita kimya. Jirani akamwambia bata hutotoa siku ya 28, akasubiri. Siku ya 28 nayo ikapita. Mtetea alikuwa amekonda, kishungi kimepauka, na asubuhi moja akainuka kiotani asirudi tena. Mama akachukua yai moja, akalitikisa sikioni, akaamini limekufa, akaligonga kwenye jiwe.

Ndani mlikuwa na kifaranga hai, kiini bado kinaning'inia tumboni mwake, miguu inatapatapa.

Jirani hakumdanganya. Bata wengi wa kufugwa duniani wametokana na bata mwitu yule wa kaskazini ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, na hao huangua kwa siku 28. Lakini bata wanaoonekana zaidi majumbani mwetu, wakubwa, wenye nyama nyekundu zilizokunjamana usoni, ambao dume lao huhema tu bila kupiga kelele, ni ukoo mwingine kabisa. Asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, wafugaji wa nje huwaita Muscovy, na mayai yao huchukua siku 35 hivi. Mama alilipasua yai juma zima kabla ya wakati wake, na alikuwa na njia rahisi ya kujua. Tochi ya simu, chumba chenye giza, yai limekalishwa juu ya mwanga: kuanzia siku ya saba yai zima huonyesha mishipa myembamba myekundu iliyotawanyika kutoka kitone cheusi, karibu na mwisho huonekana jeusi lote isipokuwa mfuko wa hewa kwenye kitako kinene, na ukitulia utaona kitu kikicheza. Lililoviza halionyeshi uhai wowote. Kutikisa yai sikioni hakumwambii mtu lolote, na kunaweza kukiua kilichomo.

Yakabaki tisa. Akayatia kwenye boksi, akaning'iniza balbu juu yake, akatandika matambara. Joto alilipata, kwa kuwa hilo kuku walimfundisha: mayai yanahitaji nyuzi 37 na nusu, zaidi ya hapo kidogo tu ni hatari. Unyevu hakuufikiria. Bata anayeatamia hutoka mara moja kwa siku, akala haraka, akaoga, kisha akarudi na tumbo lililolowa na kuyalalia mayai yake na maji yale. Anayetumia boksi au mashine lazima afanye kazi ya tumbo lile: bakuli la maji karibu na mayai, na kuyanyunyizia maji ya uvuguvugu. Siku tatu za mwisho kugeuza kunakoma, unyevu unapandishwa hadi asilimia 70 au zaidi, na mfuniko unafungwa usifunguliwe ovyo. Yeye alifungua kila saa. Alikuwa na hamu, na hamu ile naielewa, maana hakuna sauti inayomwita mtu kama mlio unaotoka ndani ya yai lisilopasuka.

Kila alipofungua, mvuke ulitoka. Utando wa ndani ya ganda ukakauka na kumbana kifaranga kama sanda. Wawili walikufa hivyo, midomo yao imeshatoboa tundu la kwanza.

Wa tatu alikuwa ametoboa tangu alfajiri, na hadi magharibi hajaendelea. Kifaranga wa kuku hutoboa na kutoka siku hiyo hiyo mara nyingi, kwa hiyo mama akaona huyu amechoka. Akaanza kumbandua ganda kwa kucha, taratibu, kwa huruma yote. Damu ikatoka. Kifaranga wa bata, kutoka tundu la kwanza mpaka kutoka nje, huweza kuchukua siku nzima na hata mbili, na saa zile anazoonekana amelala si za bure. Mapafu yake yanajifunza hewa, damu iliyokuwa katika mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini chote kinavutwa ndani ya tumbo kiwe chakula chake cha siku ya kwanza na ya pili. Anayembandua mapema humkata mishipa ikiwa bado imejaa. Yule alikufa mkononi mwake kabla ya isha.

Waliobaki, sita, walitoka wenyewe. Kesho yake walikuwa wamekauka, wa manjano wenye mabaka meusi, wanakimbizana ndani ya boksi. Watoto wa nyumba ile hawakwenda popote siku hiyo. Na hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo nalisikitikia kuliko yote, kwa sababu lilifanywa kwa furaha. Bata ni ndege wa maji, kila mtoto anajua. Wakajaza beseni la kufulia, wakawatia wote sita. Waliogelea! Walipiga mbizi, wakatingisha mikia, watoto wakapiga makofi.

Ilikuwa saa sita mchana alipopita bibi mmoja, mzaliwa wa Utete, ambaye utotoni mwake kando ya Rufiji alichunga bata wa mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wamo humo tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tatu, bibi. Wamefurahi, hawataki kutoka."

"Mama yao yuko wapi?"

"Hawana mama. Nimewatotoa kwa taa."

"Basi wakitoka humo," akauliza bibi, "nani atawakausha?"

Mama hakuwa na jibu. Bibi alikuwa amekwisha kuinama, anawatoa mmoja mmoja na kuwakumbatia ndani ya kanga yake. Walikuwa wamelowa hadi ngozini, baridi kama kwamba hawakuwahi kuwa na uhai wa moto. Watatu walikufa usiku.

Watu wengi humwona kifaranga wa bata akiogelea nyuma ya mama yake siku chache tu baada ya kuangua, wakadhani maji hayamdhuru. Hawamwoni anapotoka. Mama humwita, humfunika kwa mbawa, humpasha joto mpaka akauke, na manyoya ya mama yana mafuta anayojipaka kwa mdomo kutoka tezi iliyo juu ya mkia. Kifaranga wa boksini, au aliyelelewa na kuku, hana ulinzi huo. Malaika yake hunywa maji, akawa mzito, joto likamtoka, na kwa mwili ule mdogo saa chache zinatosha. Anaweza pia kuzama katika beseni lenye kingo nyororo, akichoka na asipate pa kupandia. Hadi manyoya halisi yamfunike mwili, jambo linalochukua majuma kadhaa, aogelee tu kwa dakika chache, katika maji ya uvuguvugu, mtu akiwa amesimama hapo na taulo mkononi.

Na bado maji ya kunywa ni lazima, na kwa namna yake. Kikombe kifupi cha kifaranga wa kuku hakimfai. Bata husafisha pua na macho kwa kutumbukiza mdomo mzima, na akila bila maji kando hukabwa na chakula. Bibi alichukua sahani ya kina, akaijaza kokoto kubwa, akatia maji katikati ya kokoto: mdomo unazama hadi juu ya matundu ya pua, mwili hauingii. Akaondoa magazeti yaliyotandikwa chini, kwa kuwa miguu huteleza juu ya karatasi na kupanuka moja kwa moja, akatandika gunia kuukuu na baadaye maranda. Balbu akaiweka upande mmoja wa boksi, si katikati, ili kila kifaranga achague mwenyewe. Juma la kwanza chini ya taa panatakiwa nyuzi 32 hivi, kisha hupunguzwa nyuzi tatu kila juma, lakini yeye hakuwa na kipimajoto wala hakukihitaji. Wakirundikana na kulia, wanaona baridi. Wakikimbilia kona ya mbali na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na moto. Wakilala wametawanyika, waache.

Kuhusu chakula nitasema matatu tu. Unga mkavu wa vifaranga hunata mdomoni mwa bata, hivyo uloweshwe kidogo na usilale hadi kesho, kwani huchacha. Tena chakula cha kuku hakina vitamini ya kutosha iitwayo niasini: bata mchanga anahitaji miligramu 55 hivi katika kila kilo ya chakula, ilhali kifaranga wa kuku hutosheka na 27 hadi 35. Mmoja wa wale watatu alianza kutembelea magoti, miguu imepinda nje, na alipogundulika alikuwa amechelewa. Wawili waliongezewa dagaa safi waliosagwa na vitamini B ya mifugo, wakasimama imara.

La tatu ni zito zaidi. Mama alikuwa na mashudu ya karanga kwenye gunia, yana harufu ya ukungu, kuku wake wakubwa walikuwa wakiyala. Bibi aliyanusa akaamuru yamwagwe shimoni. Hakuwa amesoma popote, lakini alikuwa sahihi kwa namna ya kutisha. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na bata wachanga wakafa pia. Chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Hivyo ndivyo sumukuvu ya aina hiyo ilivyogunduliwa. Baada ya hapo wanasayansi waliwatumia vifaranga wa bata wa siku moja kupima kama chakula kina sumu hiyo, kwa sababu huathirika haraka kuliko karibu mnyama yeyote wa kufugwa. Sumukuvu hiyo hiyo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, kupitia mahindi. Chakula ambacho kuku mzima anakila na kuendelea kutaga kinaweza kumaliza boksi zima la bata.

Msimu uliofuata mama alimwachia bata jike kazi yake, kwenye kona yenye kivuli na majani makavu, na sahani ya maji hatua chache kutoka kiotani. Bata huyo alikuwa na mayai kumi na mawili. Vifaranga tisa walitembea uani.

Ndugu msomaji, ukiletewa mayai ya bata, uliza kwanza ni ya bata yupi, kisha andika tarehe kwa penseli juu ya ganda la kila yai, si ukutani. Kama ni wa uso mwekundu, usiguse hata moja kwa hasira kabla ya siku ya 36. Watakapotoka, beseni la kufulia liwe limefichwa mbali na watoto.