KABLA YA KUSEMA "AUAWE"

Khutba ya kwanza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, baba zetu, mama zetu na vijana, ninaiusia nafsi yangu na ninawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tuzungumze juu ya neno lililo jepesi mdomoni na zito kwenye mizani, neno "auawe". Tunalisikia sokoni, tunalisikia kwenye redio, tunalisikia hata nje ya msikiti baada ya sala. Mwizi amekamatwa: auawe. Askari amekimbia vita: auawe. Mama mzee ametajwa uchawi: auawe. Mwezi wa tatu 2024, Wizara ya Sheria ilitoa waraka kwamba hukumu za kifo, ambazo utekelezaji wake ulikuwa umesimamishwa tangu 2003, zitatekelezwa tena, kwa ajili ya wasaliti ndani ya jeshi na majambazi wa mijini. Wengi wetu walifurahi. Sababu inajulikana. Aliyeibiwa, aliyezika mtoto wake, aliyekimbia kijiji chake na godoro kichwani, ana uchungu, na uchungu wake si dhambi. Lakini Mwislamu hapimi haki kwa uchungu peke yake. Katika Suratul Maida, aya ya 8, Mola wetu ametukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu.

Kuna atakayeuliza: "Shehe, kisasi si kimo ndani ya Qur'ani?" Kimo, na hatuwezi kukificha. Suratul Baqara, aya ya 178 na 179, inafaradhisha kisasi kwa waliouawa, na inasema ndani yake kuna uhai kwa wenye akili. Lakini ndugu yangu, usisome nusu ya aya. Aya hiyohiyo inasema kwamba muuaji akisamehewa na ndugu yake, basi mambo yafuatwe kwa wema, na malipo yatolewe kwa ihsani, kwa kuwa hiyo ni tahfifu na rehema kutoka kwa Mola. Angalia vizuri: mwenye kudai damu ameitwa ndugu wa muuaji! Damu imemwagika, na Mwenyezi Mungu bado hajaukata udugu. Na Suratul Israa, aya ya 33, inampa mrithi wa marehemu mamlaka, kisha inamkataza papo hapo kupita mpaka.

Kwa hiyo kisasi katika dini yetu ni mlango mwembamba wenye walinzi.

Mlinzi wa kwanza ni ushahidi. Maiz bin Malik alikuja kwa miguu yake kwa Mtume (s.a.w.) kukiri kosa la zinaa, ambalo adhabu yake kwa aliyeoa ni kifo. Mtume aligeuza uso. Maiz akarudi, Mtume akageuza tena, mpaka mara nne. Kisha akauliza kama mtu huyu ana wazimu, akamtafutia njia ya kutoka ndani ya maneno yake mwenyewe. Hiyo ndiyo haraka ya Mtume katika kuua: hakuwa na haraka. Sasa linganisha. Mwezi wa saba 2024, huko Lubero, Kivu ya Kaskazini, askari 25 walihukumiwa kifo kwa kukimbia adui na makosa mengine, katika kesi iliyodumu siku moja. Hatusemi wote hawakuwa na kosa. Tunauliza: siku moja inatosha kupima roho 25?

Mlinzi wa pili ni usawa. Mwanamke wa ukoo mkubwa wa Makhzum alipoiba, watu walimtuma Usama bin Zayd amwombee. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akaeleza kwamba umma za zamani ziliangamia kwa kuwa walimwacha mkubwa na kumwadhibu mnyonge. Mwezi wa tisa 2024, tribunali ya kijeshi ya Kinshasa ilihukumu kifo watu 37 kwa jaribio la kupindua serikali la mwezi wa tano mwaka huo. Watatu kati yao walikuwa raia wa Marekani. Mwezi wa nne 2025 hao watatu walipunguziwa na Rais hukumu yao kuwa kifungo cha maisha, wakarudishwa kwao. Hatuchukii kwamba wao wamepona, alhamdulillahi kwa kila roho iliyopona. Lakini mtoto wa masikini asiye na balozi, naye ana Mola mmoja na wao. Mlango uliofunguka kwa mwenye taifa kubwa ufunguke pia kwa asiye na wakili.

Mlinzi wa tatu ni msamaha. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba hakuona kesi ya kisasi ikiletwa kwa Mtume isipokuwa aliamuru kusamehe. Katika sharia, jamaa wa marehemu wanaulizwa: mnataka kisasi, diya, au mnasamehe? Je, mjane wa kwetu aliulizwa lini na tribunali? Basi anayesema hukumu hizi za serikali ndizo sharia ya Kiislamu, amechukua panga la sharia na kuacha rehema yake nyuma.

Wengine watataja Suratul Maida, aya ya 33, juu ya wanaofanya uharibifu katika nchi, na watasema kuluna ndio hao. Ni kweli, jambazi wa njiani hukumu yake ni nzito, na msamaha wa jamaa peke yake haumwondolei. Lakini aya inataja adhabu zaidi ya moja. Kifo ni mojawapo, na kutolewa katika nchi ni nyingine. Na aya ya 34 inawafungulia mlango waliotubu kabla ya kukamatwa. Kijana wa kuluna anayetaka kurudi, leo atarudi kwa nani, ikiwa sisi sote tumekwisha kumzika kwa mdomo?

Ninasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu.

Khutba ya pili

Alhamdulillahi, na sala na salamu zimfikie Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Ndugu Waislamu, labda utasema: "Mimi si hakimu, wala si askari, hukumu hizi hazinihusu." Zinakuhusu. Mwizi anayevalishwa mpira wa gari na kuchomwa barabarani, hakuhukumiwa na Kinshasa. Amehukumiwa na avenyi yako. Wamama wazee waliochomwa huko Kivu ya Kusini kwa kudaiwa uchawi, waliuawa na majirani. Usama bin Zayd alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa woga. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama aliupasua moyo wake akaona. Huyo alikuwa Usama, kipenzi cha Mtume, na yuko vitani! Wewe unayerusha jiwe kwa sababu umesikia mtu akipiga kelele "mwizi", utajibu nini? Mtume ametufundisha kwamba jambo la kwanza watu watakalohukumiwa baina yao Siku ya Kiyama ni damu.

Na msamaha haumlazimishi mtu kusahau. Wahshi alimuua Hamza, ami yake Mtume, siku ya Uhud. Aliposilimu baadaye, Mtume (s.a.w.) aliupokea Uislamu wake, ila alimwomba asimwonyeshe uso wake. Uchungu ulibaki kifuani, na mkono haukuinuka. Mama uliyefiwa, dini haikwambii ucheke na aliyekuumiza. Inakwambia ujira wako uko kwa Mwenyezi Mungu.

Basi tufanye lililo mikononi mwetu. Ukikuta mtu anapigwa, simama baina yake na watu ukiweza, au ita wazee na polisi. Usitoe ushahidi wa jambo hujaliona. Ukiwa na neno mbele ya wakubwa, waombee waliohukumiwa: Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu, na kifungu cha 87 kinampa Rais haki ya kusamehe. Tembelea wafungwa na chakula. Na usiku huu, kabla ya kulala, samehe mtu mmoja.

Ewe Mola wetu, warehemu waliouawa kwa dhuluma katika nchi yetu, watulize waliofiwa, waongoze mahakimu wetu, warudishe vijana wetu waliopotea, na uzihifadhi ndimi zetu na damu za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani. Usiitupe chini karatasi hii, ina jina la Mwenyezi Mungu.