Baada ya Kuvuka Bahari



Mara hii tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo zamani halikusemwa katika kurasa za Kanisa, yaani maisha ya mtu aliyepasuliwa tumbo ili apunguze uzito, na hasa namna anavyopaswa kula baada ya hapo. Huenda mmoja wenu atauliza: Je, jambo hili lina uhusiano gani na Injili? Jibu letu ni kwamba Bwana aliyetufundisha kumwomba Baba riziki ya kila siku hakukiona chakula kuwa jambo dogo. Na popote pale ambapo Mkristo anahangaika mbele ya sahani yake, peke yake na kwa aibu, hapo Kanisa lina kazi ya kufanya.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Upasuaji huu si wa juzi. Mwaka 1966 madaktari Edward Mason na Chikashi Ito, wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, walianza kumtengenezea mgonjwa kifuko kidogo katika sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Baadaye ikatokea njia nyingine, ambayo daktari huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo, au zaidi, akabakiza sehemu nyembamba kama mrija. Siku hizi upasuaji wa namna hii unafanyika hata Nairobi na Dar es Salaam, na si ajabu kumwona mtu aliyeupata akiketi nasi kanisani siku ya Jumapili.

Pili, tusiharakishe kuhukumu. Wako wasemao, "Huyo alikuwa mlafi, na sasa amepita njia ya mkato." Maneno hayo si ya kweli, wala si ya upendo. Unene uliozidi ni ugonjwa wenye mizizi mingi: urithi wa ukoo, aina ya chakula tunachouziwa, kazi za kukaa kutwa, dawa fulani, na hata huzuni. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 1 wa 2022 pekee, katika kila watu 8 ulimwenguni, mmoja alikuwa na unene huo. Wazee wetu wa Tanzania watakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, wakati ambapo shida kubwa iliyotusumbua ilikuwa lishe duni. Leo shida mbili zaweza kulala katika nyumba moja: mtoto aliyekonda na mzazi mwenye kisukari. Basi aliyekwenda kwa daktari amefanya kama afanyavyo mwenye jicho bovu au mfupa uliovunjika. Ametafuta msaada. Wala njia aliyoishika si ya mkato, kama tutakavyoona.

Katika kitabu cha Kutoka tunasoma jinsi wana wa Israeli walivyovuka Bahari ya Shamu kwa usiku mmoja. Ilikuwa kazi ya Mungu, kubwa na ya kutisha, nao waliimba walipofika ng'ambo. Lakini baada ya wimbo ilikuja asubuhi, na baada ya asubuhi ilikuja njaa. Kuvuka kulichukua usiku mmoja. Kujifunza kula jangwani kulichukua miaka 40. Ndivyo ilivyo kwa ndugu yetu huyu. Upasuaji wenyewe huisha kwa saa chache. Kinachobaki ni kula, asubuhi, mchana na jioni, siku zote za maisha yake.

Angalieni jinsi Mungu alivyowalisha. Hakuwapa ghala. Aliwapa mana kwa kipimo, pishi moja kwa kila mtu, nayo ilikuwa ya siku ile tu. Waliojaribu kuiweka hadi kesho yake, wakati hawakuagizwa, waliikuta imeharibika na kuingia mabuu. Hapa pana mafundisho kwetu sote, lakini aliyepasuliwa tumbo huyaelewa kuliko wengine. Kipimo chake ni kidogo. Siku za kwanza hunywa vitu vya majimaji tu, kisha huhamia kwenye chakula kilichopondwa, kisha kilaini, na baada ya majuma kadhaa hurudi kwenye chakula cha kawaida kadiri daktari anavyomwongoza. Hata hapo hula kidogo sana, akitafuna kwa muda mrefu, na mlo wake mdogo waweza kuchukua nusu saa. Maji hanywi pamoja na chakula, bali husubiri kama dakika 30. Akila upesi au akizidisha kijiko kimoja, maumivu na kutapika humkumbusha.

Tena mpangilio wa sahani yake umegeuka. Sisi tumezoea kujaza ugali au wali, kisha kuweka mboga pembeni. Kwake yeye, chakula cha kujenga mwili hutangulia: samaki, dagaa, yai, kuku, maharage, dengu, au maziwa ya mgando. Madaktari wengi huagiza afikishe gramu 60 au zaidi za protini kila siku, na tumbo dogo halina nafasi ya kupoteza. Zifuatazo ni mboga za majani, na mwisho, nafasi ikibaki, tonge moja au mawili ya ugali. Kwa maneno mengine, kitoweo kimekuwa chakula, na ugali umekuwa kitoweo. Hilo ni badiliko kubwa katika nyumba zetu, wala tusilidharau.

Walakini yako majaribu. Israeli walipokuwa wamekwenda mbali kidogo, walianza kukumbuka masufuria ya nyama ya Misri, na samaki, na matango, na matikiti, na vitunguu. Walisahau fimbo za wasimamizi, wakakumbuka harufu ya jikoni tu. Hali kadhalika mtu aliyepasuliwa. Miezi ya kwanza njaa hupungua sana na uzito hushuka upesi, hata yeye mwenyewe hudhani vita vimekwisha. Baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, kushuka husimama. Njaa hurudi polepole. Na kwa wengi, sehemu ya uzito hurudi pia.

Hapo ndipo yatupasa kusema wazi jambo ambalo wengi hawaambiwi. Tumbo dogo laweza kuzuia bakuli la wali, lakini haliwezi kuzuia soda. Chochote kinachoteleza hupita: soda, juisi ya miwa, chai yenye sukari nyingi, biskuti zilizolowekwa, aiskrimu. Mtu aweza kudokoa vitu hivyo tangu asubuhi hadi usiku bila kushiba hata mara moja. Kisu cha daktari kilikata tumbo. Hakikukata mazoea, wala upweke, wala ile desturi ya kutafuta faraja katika kitu kitamu wakati wa majonzi. Hayo yana dawa nyingine. Zaidi ya hayo, hasa kwa wale waliounganishwa utumbo, sukari nyingi ikishuka kwa ghafula huleta jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na kuharisha, hata mtu akatamani kulala chini.

Tena kuna mambo mawili yasiyoonekana mezani. La kwanza ni vidonge vya vitamini na madini. Kwa kuwa chakula ni kidogo, na pengine hakifyonzwi vizuri, mwili waweza kupungukiwa na chuma, chokaa, vitamini D na vitamini B12, na upungufu huo huja kimya kimya. Mtu huona uchovu na ganzi miguuni baada ya muda mrefu. Vidonge hivyo ni vya maisha, pamoja na kupimwa damu kila mara. Asiviache kwa sababu anajisikia mzima. La pili ni pombe. Baada ya upasuaji huo, hasa ule wa kuunganisha utumbo, pombe huingia katika damu upesi na kwa nguvu zaidi, na wako ambao hawakuwa walevi hapo kwanza, wakawa walevi baadaye. Ni afadhali kujiepusha nayo.

Basi, je, uzito ukirudi kidogo, kazi yote imepotea? Hasha. Huko Uswidi, tangu mwaka 1987, watafiti waliwafuatilia watu wapatao 2,000 waliopasuliwa, wakawalinganisha na wengine wapatao 2,000 waliotibiwa kwa njia za kawaida. Waliopasuliwa walirudisha sehemu ya uzito baada ya mwaka wa kwanza. Lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache kati yao kuliko kati ya wale wengine. Kwa hiyo kilo chache zilizorudi si hukumu. Ni kengele ya kumwita mtu arudi kliniki, na arudi mapema. Adui mkubwa hapa ni aibu, kwa maana mwenye aibu huikwepa mizani, humkwepa daktari, mwisho hulikwepa hata Kanisa. Twajua kwamba mana ya jana haikuwafaa Israeli leo. Vivyo hivyo kosa la jana halimzuii mtu kuokota mana ya leo. Kila asubuhi ilikuwapo tena.

Sasa twageuka kwa sisi wengine, kwa kuwa sehemu kubwa ya neno hili ni yetu. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, Bwana Yesu alimfufua binti wa Yairo, mwenye miaka 12. Watu walipokuwa wangali wameshangaa, yeye aliagiza kwamba binti apewe chakula. Ona jinsi alivyofanya. Muujiza aliufanya mwenyewe, bali kulisha aliwaachia watu wa nyumba ile. Kulisha ndiyo sehemu yetu. Lakini kumlisha mtu ni kumpa kinachomfaa yeye, wala si kile kinachotufurahisha sisi kumwona akila.

Hapo desturi yetu njema yaweza kuwa mtego. Tumefundishwa kwamba mgeni asiyekula amemdharau mwenyeji. Mama mkwe hupakua sahani iliyofurika, na mkwe asipoimaliza, uso wa mama hubadilika. Katika harusi tunasukumiana soda, na katika msiba tunakula sinia moja kwa mwendo wa mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Ndugu zetu hawa hushindwa. Wengine hula kwa heshima, kisha huenda nyuma ya nyumba kutapika. Wengine huacha kuja kabisa. Je, ukarimu unaomfukuza mgeni ni ukarimu wa namna gani? Twawasihi akina mama na akina baba wa nyumba: mpeni sahani yake ndogo, apakue mwenyewe, mpeni muda wake, na mkinyamaza juu ya kiasi alichokula mtakuwa mmemheshimu. Vijana wanaohudumu katika sherehe zetu, wekeni maji safi mezani pamoja na soda, wala msimwulize mtu kwa nini amechagua maji.

Tena tuchunge ndimi zetu. Mtu akikonda upesi, mtaa hunong'ona. Huyu husema ni UKIMWI, yule husema amerogwa, mwingine husema amefilisika. Aliyepasuliwa hana deni la kumweleza kila mtu habari za tumbo lake. Na yule ambaye kweli anaishi na virusi vya UKIMWI naye huumizwa na minong'ono hiyo hiyo, kana kwamba kuugua ni fedheha. Twaweza kuuliza habari za mwenzetu bila kuupima mwili wake kwa macho.

Kuhusu Kwaresima, twapenda kusema hivi: aliyepasuliwa tumbo asifunge chakula kama wengine bila kwanza kumwuliza daktari wake. Kila siku yake ina kiasi, na kukosa milo kwaweza kumdhuru. Aweza kufunga maneno makali, au kutoa saa moja kuwatembelea wagonjwa. Wala asidhani kwamba mfungo wake ni mdogo; pengine anayetafuna polepole tonge lake la tatu, na kuacha la nne, amefunga kuliko sisi sote.

Na mezani pa Bwana, mbele ya altare, tunapokea kipande kidogo na tone moja. Hakuna anayelalamika kwamba hakushiba, wala hakuna anayemtazama jirani kuona amepewa kiasi gani. Mwenye nguvu na dhaifu, mnene na mwembamba, hupiga magoti pamoja na kupewa sawasawa. Na mtu anayeogopa divai kwa ajili ya afya yake, aweza kupokea mkate peke yake, naye ameshiriki kikamilifu. Laiti meza za nyumbani kwetu zingejifunza kutoka kwenye meza hiyo!

Basi, wewe ndugu au dada uliyevuka bahari hiyo, usikate tamaa jangwani. Kula kipimo chako, meza vidonge vyako, tembea kadiri uwezavyo, rudi kliniki siku uliyopangiwa, na ukianguka, mwambie mtu. Musa alipochoka kuinua mikono, Haruni na Huri waliishika, mmoja upande huu na mmoja upande huu. Nasi tuliobaki, tuwe Haruni na Huri wake, kuanzia Jumapili hii, kwa sahani tutakayompakulia na kwa maneno tutakayoyazuia.

Mungu Baba, atoaye riziki kwa wakati wake, atupe sote kinachotutosha, na moyo wa kuridhika nacho. Amina.