Hakumsamehe Nani?

Kwa miaka 22 nimeshona nguo soko la Jericho, tepu shingoni. Nimepima vifua vya maharusi, vya walimu, vya wanakwaya. Changu nilikipima siku mbili kabla ya kukatwa titi la kushoto, nikakiandika daftarini kama cha mteja yeyote.

Niliporudi nyumbani, akina mama wa maombi walinijia na sukari, unga na pambio. Tulipomaliza chai, kiongozi wetu alinishika mkono. "Mama, chunguza moyo. Kansa hukaa pale msamaha haujafika." Alisema kwa upendo, nami nikamwamini. Usiku kucha nikawa nahesabu nisiowasamehe: shemeji yangu, wakala wa nyumba, mteja aliyetoweka na sare 6 za kwaya. Kufikia alfajiri nilikuwa nimewasamehe wote. Kidonda kiliuma vilevile.

Kliniki ni matatu mbili, unabadilishia Muthurwa. Kwenye benchi tulikuwa watatu, tumeandikiwa ugonjwa mmoja, huu unaowapata wanawake wa Kenya zaidi kuliko saratani nyingine yoyote, na hakuna aliyekuwa na dawa ya mwenzake. Kipande cha nyama nilichotolewa kilipimwa maabara, ikaonekana seli zangu zina vipokezi vya homoni: homoni za mwili wangu mwenyewe ndizo zinazozikuza. Kwa hiyo baada ya upasuaji na mionzi nameza tamoksifeni kila siku, kwa miaka 5 angalau, na joto hunipanda hadi jasho likadondokea kitambaa cha mtu. Mwenzangu wa kulia, seli zake zilijaa protini iitwayo HER2. Yeye hutundikiwa trastuzumabu kila wiki 3 kwa mwaka mzima. Wa tatu, binti wa miaka 31, hakuwa na hiyo HER2 wala vipokezi vya homoni. Madaktari huiita kansa ya namna hiyo hasi tatu, na huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Vidonge vyangu kwake vingekuwa peremende tu. Alianzishiwa kemo kwanza, uvimbe usinyae, ndipo akatwe.

Nilimtazama yule binti nikajiuliza: na huyu naye hakumsamehe nani? Kansa yake ilikuwa kali kuliko yangu. Je, kinyongo chake nacho kilikuwa kikubwa kuliko changu?

Nikarudi kwa Ayubu. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hapo walifanya vyema. Walipofungua vinywa, walikuwa na jibu moja tu: umekosa. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika kutwa kucha. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu subira ya Ayubu. Kuhusu rafiki zake, machache.

Sisemi maombi hayafai. Nilipolazwa kwenye meza ya mionzi, wahudumu wakatoka wote na mlango ukafungwa, sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Ninachokataa ni faraja iliyoshonwa saizi moja. Daktari haandiki dawa kabla ya kujua aina. Sisi tunathubutuje kutangaza kusudi la Mungu kwa mtu ambaye hatujamuuliza lolote? Tunaita hiyo imani. Mimi naona ni haraka: tunataka jambo liishe kabla chai haijapoa.

Siku hizi nashona matiti pia. Ni kifuko cha pamba, ndani sponji na punje za mtama, kwa sababu sponji tupu haina uzito na bega la upande uliokatwa hupanda. Mwezi jana kiongozi wetu alikuja kushonewa gauni. Alikikuta kimoja mezani, akakipima kiganjani, akanyamaza kitambo.

"Ni cha nani?"

"Cha binti mmoja wa kliniki."

"Na yeye, kansa yake ni ya namna gani?"

Nikamvutia kiti.