Nani Ashike Ufunguo wa Kompyuta ya Nyumbani?



Zamani nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na kila mtu alijua ufunguo unakaa wapi. Siku hizi kuna mlango mwingine pale sebuleni: kompyuta iliyounganishwa na intaneti. Leo tujiulize swali linaloweza kuleta ugomvi hata katika nyumba tulivu. Je, ni haki mtu mmoja kuwafungia wengine mlango huo?

Tuchukue mfano. Bwana na bibi wana kompyuta moja. Bibi huandikia humo hesabu za chama cha akina mama. Binti wa miaka 16 hufanyia kazi za shule, na mdogo wake wa miaka 9 hucheza michezo. Bwana, kwa kuogopa picha chafu, alijifanya msimamizi wa kompyuta, akabadilisha neno la siri, akapanga intaneti ikatike saa tatu usiku kwa wote isipokuwa yeye. Hakumwambia mtu. Mwisho wa mwezi bibi alishindwa kutuma hesabu za chama. Alipouliza, bwana akasema, "Mama watoto, nilifanya hivyo kwa ajili ya watoto." Bibi akamjibu, "Basi mimi ni mtoto wako wa tatu?"

Katika jibu hilo la bibi ndimo lilimo jambo lenyewe.

Kwanza, tujue kwamba kuzuia programu si sawa na kuzuia mtu. Kompyuta za Windows zina kinga iitwayo Windows Firewall. Kwa kawaida kinga hiyo huiacha programu itoke kwenda intaneti, mpaka msimamizi aweke kanuni ya kuizuia. Ikiwa mchezo fulani unamaliza bando mliyonunua kwa jasho lenu, uzuieni bila kusitasita. Programu haina utu wa kuvunjiwa heshima. Ni kama kufunga mfereji unaovuja. Ila msizuie masasisho ya usalama, maana hayo ndiyo huziba nyufa ambazo wezi hupitia.

Mtu ni jambo jingine. Hata hivyo watu wa nyumbani hawafanani wote mbele ya kufuli.

Mtoto wa miaka 9 yuko chini ya malezi yenu. Kumwekea mipaka si kumwonea. Kumwachia kila kitu ndiko kumtupa. Mpeni akaunti yake ya kawaida, isiyoweza kubadilisha mipango ya kompyuta, na ninyi wazazi mbaki na ile ya msimamizi. Mnaweza kumpangia saa na kurasa za kufungua. Lakini mwambieni kwamba kufuli ipo na sababu yake. Kufuli ya siri humfundisha mtoto kwamba wazazi wake ni wapelelezi.

Binti wa miaka 16 anahitaji kufuli ndogo na mazungumzo marefu. Karibuni atakuwa mtu mzima asiye na msimamizi. Tena, hata mkifunga kompyuta, kuna simu ya rafiki na kuna saiba mjini. Kufuli hulinda mlango mmoja tu. Dhamiri ndiyo inayotembea naye kote. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwakumbusha wazazi kwamba kumfuatafuata mtoto kila aendako si malezi. La maana zaidi ni kujua moyo wake uko wapi.

Na mwenzi wako je? Huyu si wa kulelewa nawe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wote wa ndoa. Anayeshika neno la siri peke yake amejipa cheo ambacho hakukipewa siku ya arusi. Hata kama nia yake ni njema, amemhukumu mwenzake bila kumsikiliza.

Huenda bibi mmoja akasema, "Lakini bwanangu anacheza kamari usiku kucha, na karo ya watoto inaisha." Dada, uchungu wako ni wa kweli, na una wajibu wa kulinda karo. Ilinde waziwazi: mwambie unachofanya kabla hujakifanya, na umweleze kwa nini. Ikiwa yeye mwenyewe, akijua udhaifu wake, atakuomba umfungie kurasa hizo na ushike neno la siri, huko si kumnyang'anya uhuru. Ameutumia uhuru wake vizuri. Ikiwa hataki, ujue kwamba kufuli ya kompyuta haitamponya. Ataipata kamari hiyo katika simu yake. Hapo panahitajika mazungumzo, na pengine msaada wa mshauri au wazee mnaowaheshimu.

Basi tunawapendekezea mambo manne:

1. Kila mtu awe na akaunti yake, na neno la siri la msimamizi lijulikane na wote wawili, mume na mke.

2. Kanuni yoyote ielezwe kwa anayeguswa nayo kabla ya kuwekwa.

3. Kanuni ya wote imfunge na aliyeiweka. Ikiwa saa tatu usiku intaneti inazimwa nyumbani, baba naye aweke simu chini.

4. Kila mwaka mketi mlegeze kufuli za watoto kadiri wanavyokua. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini akishakauka ukizidi kumkunja utamvunja.

Yule bwana wa mfano wetu hakukosea kuogopa. Alikosea kuogopa peke yake. Angemwita mkewe wakaketi pamoja mbele ya kompyuta, kufuli ileile ingekuwa ulinzi wa nyumba nzima.

Jioni hii, watoto wakishalala, jiulizeni ninyi wawili: Katika nyumba yetu, nani anajua neno la siri? Je, kuna mlango niliomfungia mwenzangu bila kumwambia? Na je, nikifungiwa mimi kwa namna hiyohiyo, nitaona ni haki?