Kombora Lililokosa Shabaha

Silaha ni nyingi, lakini ni chache zinazotegemea tendo la yule anayelengwa kama lilivyo kombora lifuatalo mawimbi ya rada. Kombora hilo halimtafuti mtu wala jengo. Hutafuta mawimbi yarushwayo na mtambo wa adui, likayafuata hadi yatokako. Tangu Marekani ilipolitumia Vietnam katika miaka ya 1960, mwendesha rada amebaki na hiari chungu: akiwasha mtambo ili aone, naye huonekana; akiuzima ili aokoke, huwa kipofu.

Mwaka 2018 makombora ya aina hiyo yaliongezwa katika Arma 3, mchezo wa vita wa kompyuta unaotungwa na kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Czech. Wapenzi wa michezo hiyo hudai uhalisia: uzito wa ndege, upeo wa rada, mwendo wa kombora, vyote viwe kama vilivyo. Dai hilo si la kubezwa. Hata hivyo yafaa kuulizwa kama mchezo uliosema kweli kuhusu silaha umekwisha kusema kweli kuhusu vita.

Watetezi wake hujibu kuwa mchezo ni mchezo, na kwamba hata bao ni vita, kwani mna kuteka na kutekwa. Ni kweli, lakini bao halijapata kudai kuwa ni picha ya jambo lolote. Kete ni kete, na aliyefungwa hunywa kahawa yake akarudi kwao. Anayejinadi kwa uhalisia amejitwika deni ambalo mcheza bao hanalo, na deni hilo halilipwi kwa kuchora mabawa ya kombora barabara.

Tarehe 28 Aprili 1999, wakati wa vita vya Kosovo, kombora la NATO la aina hiyo lilikosa shabaha yake likaangukia nyumba katika kitongoji cha Gorna Banya, Sofia. Bulgaria haikuwamo vitani. Kwa bahati hakuna aliyekufa, ila paa la watu lilibomoka. Katika mchezo, kombora likikosa, huwa limekosa tu: mchezaji hurusha jingine, na lile la kwanza halina kijiji cha kuangukia.

Silaha iliyopotea huenda wapi? Jawabu lipo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa baruti iliyofukiwa ardhini. Uzito wao ni mdogo mno hata hawawezi kulilipua bomu wanalolikanyaga. Wakinusa, huparua udongo, na ujira wao ni kipande cha ndizi. Mafunzo huchukua miezi kadhaa, kabla ya panya kupelekwa ng'ambo. Magawa, aliyezaliwa hapo mwaka 2013, alipelekwa Kambodia akafichua mabomu na baruti zaidi ya 100. Alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022. Baadhi ya mabomu aliyoyanusa yalitegwa na vijana ambao, kama wangali hai, sasa ni wazee.

La ajabu ni kwamba watunzi wa Arma 3 walilijua hilo. Mwaka 2017, mwaka mmoja kabla ya makombora yale, walitoa nyongeza kuhusu sheria za vita, wakishirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Humo mchezaji ni mtegua mabomu, anayezunguka katika kijiji kilichoharibika akisoma mabaki ya yaliyotendwa. Basi haiwezi kusemwa kuwa ufundi haukuruhusu. Lakini nyongeza ile iliuzwa peke yake, kwa anayetaka. Rubani na mtegua mabomu hawakulazimishwa kukutana.

Wangeweza kukutanishwa. Kombora lililopoteza mawimbi lingeachwa lilale pale lilipoanguka, na ramani isisafishwe mchezo unapofunguliwa upya kesho yake. Vita vya Msumbiji vilikoma mwaka 1992; nchi hiyo ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana mwaka 2015, na panya wa Morogoro walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo.