Padri Aliyeandika kwa Jina la Paulo

Je, mtu aweza kusema uwongo kwa ajili ya upendo, asiwe na kosa?

Yapata mwaka 200, Tertuliano, mwandishi wa Kartago katika Afrika ya Kaskazini, alisimulia habari ya padri mmoja wa Asia, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Padri huyo alitunga maandiko yaliyoenea kwa jina la Mtume Paulo. Ilipojulikana, aliungama kwamba alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo. Akaondoka katika kazi yake.

Maandiko hayo, yaitwayo Matendo ya Paulo, yanapendeza kusoma. Mna habari za Thekla, msichana aliyemwacha mchumba wake ili amfuate Paulo, kisha akajitupa mwenyewe majini apate ubatizo. Mna na simba aliyemwomba Paulo ubatizo, akaupata! (Ninyi mnaojifunza katekisimu siku nyingi mtamwonea wivu simba huyo.) Mna hata barua kwa Wakorinto, isemayo kwamba yatoka kwa Paulo mwenyewe.

Mtauliza: Ubaya u wapi, ikiwa wasomaji walizidi kumpenda Mungu? Lakini tazameni. Msomaji hakumsadiki padri yule, ambaye hakumjua, alimsadiki Paulo. Tena wengine waliyashika maandiko hayo kama ushahidi juu ya nani ana ruhusa ya kubatiza, na hapo ndipo Tertuliano alipowapinga. Paulo alikuwa amekwisha kufa zamani, asiweze kusema, “Hayo sikuyafundisha.” Yule aliyempenda ndiye aliyemtwalia kinywa chake.

Sisemi kwamba kuandika kwa mkono wa mwingine ni kosa. Barua kwa Warumi iliandikwa na Tertio, naye alijitaja humo bila kujificha. Lakini maneno yalikuwa ya Paulo, na Paulo alijua.

Mimi nami hapa Lemera huwaandikia barua wazee wasiojua kusoma. Siku moja mzee mmoja alitaka kumwandikia mwanawe aliyeko Uvira, kwa maneno makavu. Nikaongeza neno la upole, nikidhani namsaidia. Nilipomsomea barua alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, hilo si neno langu.” Nikalifuta mbele yake.